Jirani Alivuka Daraja Kila Jumamosi

Mpaka ndevu zilipoanza kuniota, niliamini kwamba watu waliopotea katika vita vyetu hawakufa. Walichukuliwa kwenda kujaza filamu. Usicheke kwanza. Wale watu wote wanaopita nyuma ya mwigizaji, wenye vikapu, baiskeli na watoto mgongoni, unadhani wanatoka wapi? Nchi gani ina watu wengi hivyo wasio na kazi yoyote Jumatatu asubuhi? Sisi wa Goma tulikuwa na jibu. Wenye filamu walikuja na malori yao, wakawakuta watu wetu njiani, wamechoka, hawana pa kwenda, wakawaambia: pandeni, kwetu kuna kazi ya kutembea tu. Na kwa kutembea hakuna taifa lililotuweza. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya kutosha.

Goma nzima iliamini hivyo. Nikikuambia Goma nzima, punguza kidogo, maana koko wangu, yaani mama aliyemzaa mama yangu, alizoea kusema kwamba mimi nikiona mbuzi wawili nasimulia soko. Lakini kwa jambo hili ningeapa mbele ya padri. Niliwaona watu wazima, wenye wake na madeni, wamekaa kwenye benchi wakitazama filamu, na hakuna hata mmoja aliyemtazama mwigizaji. Wote walitazama nyuma.

Sale ya video, yaani ukumbi wetu wa filamu, ilikuwa mtaa wa Birere, nyuma ya wanawake wauza maharagi. Kuta zake zilikuwa mbao zilizokataliwa na mafundi, na shitingi nyeusi, turubai la plastiki, juu yake ili jua lisiingie. Chini kulikuwa na mawe ya volkano tu, meusi, yenye meno, na atakayekuambia aliketi pale akaondoka na suruali nzima, huyo hakuwahi kufika. Nje gurupu, yaani jenereta, ilikohoa kama muzee mwenye pumu. Ndani kulikuwa na harufu ya petroli, karanga za kukaanga, na miguu yetu. Televisheni yenyewe, nikiikumbuka leo, haikuzidi sufuria ya koko. Lakini siku zile niliona ina ukubwa wa mlango wa kanisa, na kila kilichotoka ndani yake niliona kimetoka kwa Mungu.

Mwenye sale tulimwita Papa Mikro, kwa sababu ya mikrofoni aliyoshika toka mwanzo wa filamu mpaka mwisho. Kazi yake ilikuwa kututafsiria. Filamu zilikuwa za Wahindi na za Wachina, na yeye hakujua Kihindi wala Kichina, wala, nadhani, hakuona hilo kama kizuizi. Alisimama kando ya televisheni na koti lake la mvua, akasema maneno yote, ya wanaume kwa sauti nzito, ya wanawake kwa sauti nyembamba, ya farasi kwa sauti ya farasi. Kila filamu kwake ilikuwa hadithi ya marafiki wawili. Hata kama kwenye kioo kuna harusi, hata kama kuna mfalme na jumba la dhahabu, Papa Mikro alisema: "Huyu anaambia mwenzake, rafiki yangu, twende Rumangabo, nimesikia kuna viazi." Na mtu mbaya, siku zote, alikuwa mkubwa wa bariere, kile kizuizi cha barabarani, anayewaomba marafiki wetu karatasi ambazo hawana. Tulimzomea mpaka shitingi ikatikisika.

"Filamu ni rafiki wawili," Papa Mikro alipenda kusema kabla hajawasha. "Mengine yote ni nguo."

Na alikuwa na sheria moja. Rafiki hafi. Ikiwa mmoja amepigwa risasi, anatokwa damu mikononi mwa mwenzake na muziki unalia, Papa Mikro alisema kwa utulivu: "Hapa amechoka. Analala kidogo." Kisha alizima kaseti, akaimalizia filamu kwa mdomo. Rafiki aliamka, wakaenda kula. Alituambia hata walichokula: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, bugali, pilipili pembeni. Tulitoka pale tumeshiba kwa maneno, tukarudi nyumbani kwenye njaa yetu tukiwa na furaha. Sikujua kwamba kuna filamu duniani inayomalizika vingine.

Nilikwenda pale na Jirani, mvulana wa rika langu. Jina lake la ubatizo alikuwa nalo, lakini kati yetu tuliitana Jirani, yeye mimi, mimi yeye, toka siku alipofika na mama yake wakikimbia kutoka upande wa Rutshuru, wakaegemeza shitingi yao kwenye ukuta wetu wa mawe. Baba yake sikumuuliza habari zake. Miaka ile, kumuuliza mtoto baba yako yuko wapi ilikuwa kama kumuuliza mtu kovu lake lina bei gani. Mvua ya kwanza iliponyesha, koko alitoka nje akaiangalia ile shitingi, akamwambia mama yake: "Mama Jirani, hii nyumba yako inafaa bata. Ingia kwangu." Wakaingia, na hawakutoka tena. Jirani na mimi tulikula kwenye sahani moja ya bati, sombe upande huu, maharagi upande ule, na mpaka katikati ambao hakuna aliyeuheshimu. Mtu wa mtaa akimuuliza koko nani mjukuu na nani mgeni, alijibu: "Sahani haijui mwenye nyumba."

Asubuhi tulishuka ziwani kuchota mayi, kila mmoja na bidoni yake, yaani dumu, tukapanda nayo mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama mama zetu, shingo zimekaza. Njiani tulicheza filamu. Mmoja alikuwa rafiki anayechoka, mwingine anayembeba. Jirani alipenda kuwa anayechoka, kwa sababu za wazi. Alijitupa kwenye mawe, macho juu, akasema: "Jirani, nimechoka, nalala kidogo." Nikamjibu kwa sauti ya Papa Mikro: "Amuka, rafiki yangu, chakula kimeiva." Kisha alitembea mbele yangu, na hata leo, kati ya watu elfu, ningeutambua mwendo ule: bega la kushoto linatangulia, kama mtu anayepita kila wakati kwenye mlango mwembamba.

Vita vilipofika mjini, mama Jirani hakuwepo. Chakula kilikuwa kimekwisha, na alikuwa amerudi Rutshuru kuchimba viazi vyake kabla hawajavichimba wenye bunduki. Akamwachia koko mtoto. Mabomu yalianza tukiwa tunakunywa uji. Koko alimimina uji uliobaki kwenye bidoni, akachana ukingo wa shuka, akanifunga mimi na Jirani mkono kwa mkono, akasema: "Nikiona hii kamba imekatika, nitawapiga nyinyi wote wawili, hata kama aliyekata ni mwanajeshi."

Barabara ya Sake siku ile nimeisimulia mara nyingi, na kila mara inaongezeka watu. Lakini hata kweli yake ilitosha. Watu walibeba magodoro, mbuzi, mashine za kushona. Mwanaume mmoja alibeba mlango, na mpaka leo najiuliza alitaka kuufunga wapi. Hakuna aliyelia. Kulisikika miguu tu, maelfu ya miguu kwenye changarawe, sauti kama mvua isiyo na mawingu. Mchana Jirani alianza kushika tumbo. Alikwenda pembeni, na mimi nikiwa nimefungwa naye nikaenda pembeni, akarudi, nikarudi, mpaka nikamkasirikia. Tulipofika Lac Vert hakuweza tena. Koko akatandika shitingi kwenye mawe, akamlaza, akamnywesha uji kwa kifuniko.

Jirani akaniangalia akatabasamu kidogo. "Jirani," akasema, "leo mimi ndiye ninayechoka kweli."

"Basi lala kidogo," nikamwambia. "Nitakuamusha chakula kikiiva."

Nikalala mimi. Nilipofungua macho kulikuwa kumepambazuka. Ukingo wa shuka ulikuwa bado mkononi mwangu, na upande wa pili fundo lilikuwa limefunguliwa vizuri, halikukatwa. Koko alikuwa ameketi, anasugua mikono yake na majivu. Alikuwa akitetemeka kwa baridi, na kile kikwembe chake kizuri cha kujifunika, chenye maua mekundu, sikukiona.

"Jirani iko wapi?"

"Batu ya kwabo walipita," koko akasema. "Wamemuchukua."

"Hata hakuniaga?"

"Ulikuwa unalala."

Nilimlaumu Jirani njia nzima. Mtu gani anaondoka hivyo? Nikapanga maneno nitakayomwambia siku tutakapoonana, maneno makali, na katikati yake nimeweka tusi moja ambalo koko hakujua kwamba nalijua.

Bunduki ziliponyamaza tulirudi. Mlango wetu haukuwepo, sufuria haikuwepo, lakini ukuta wa mawe ulikuwa umesimama, maana hakuna mwizi mwenye akili anayeiba mawe Goma. Baada ya majuma machache mama Jirani akafika, bila viazi, miguu imevimba. Koko alimshika mkono akamwingiza ndani. Walikaa humo mpaka jua likazunguka nyumba. Siku ile hakukupikwa kitu. Walipotoka, nikakimbia kumpa habari njema kabla koko hajaniharibia: "Mama Jirani, usiogope. Batu ya kwenu walimuchukua. Atarudi." Akaweka mkono wake juu ya kichwa changu akasema: "Asante, papa," kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe.

Nikaanza kumngoja. Asubuhi nilikwenda kwenye barabara ya Rutshuru, mchana kwenye barabara ya Sake, nikichungulia kila lori, kila kundi la watu wenye mizigo. Siku zile watu walipita kama maji ya mfereji, wengine wanarudi kwao, wengine wanatoka kwao, wengine, nadhani, walikuwa wanazunguka tu. Nilitafuta bega la kushoto. Chakula kilinikataa. Koko akaniletea ndizi na maharagi, akaniletea hata yai, na wewe uliyekulia vita unajua yai lilikuwa na cheo gani. Nikamwambia nusu ni ya Jirani, nitamngoja. Nilikonda mpaka, bila kuongeza hata chembe, kivuli changu kilikuwa kinene kuliko mimi.

Koko alikuwa adui mkubwa wa video. Aliiita sanduku ya uongo. Kwa hiyo fikiria nilivyoshangaa Jumamosi moja aliponifungia makala, yaani mkaa, kwenye mfuko, maana Papa Mikro alipokea kiingilio cha aina yoyote, makala, viazi, hata kipande cha sabuni, akasema: "Nenda ukaangalie wale rafiki wako. Mama Jirani atakusindikiza."

Filamu ilikuwa ya Wahindi. Papa Mikro aliimba, alilia, akalia kama farasi. Marafiki wake wawili walikuwa wanatafuta gunia la chumvi lililochukuliwa bariere. Wakafika kwenye daraja refu la chuma, lililojaa watu, na mbele pale wakaanza kukumbatiana. Mimi sikuwaona. Nyuma yao alikuwa akipita mtoto mwembamba, beseni kichwani, na bega lake la kushoto lilitangulia kama anayepita kwenye mlango mwembamba.

Nikasimama. "Jirani," nikasema. Kisha nikapaza: "Mama Jirani, muangalie. Ni yeye, iko pale ku daraja."

Watu waligeuka, si kunitazama mimi, kumtazama mama Jirani. Wengi walikuwa wanamfahamu. Papa Mikro akashusha mikrofoni, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Mama," akauliza bila sauti ya filamu, "ni mutoto yako?"

Aliangalia televisheni, ambapo daraja lilikuwa limekwisha kupita na kuna mwanamke anaimba kwenye maua. Akaniangalia mimi.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye."

Papa Mikro akachukua rimoti, akairudisha kaseti. Daraja likarudi, watu wakatembea kinyumenyume, kisha mbele, na Jirani akavuka tena, polepole, na beseni lake. Kisha Papa Mikro akarudisha mikrofoni mdomoni, akatueleza jambo ambalo, alisema, wenye kazi ya filamu wote wanalijua. Kule kwa Wahindi hawana watu wa kutosha wa kujaza barabara. Wanakuja kuwachukua kwetu. Wanawatunza vizuri, wali kila siku, viatu, na kitanda chenye chandarua. Ila kazi ni nyingi, na likizo hawana.

"Bon," akasema muzee mmoja nyuma, mjane aliyepoteza mke wake kwenye barabara ileile ya Sake. "Sasa rudisha kidogo pale ku soko. Niliona mama mumoja wa bangili."

Papa Mikro akarudisha.

"Hapana," muzee akasema. "Wangu alikuwa na matako kuzidi uyu." Na sale nzima ikacheka, na yeye akacheka, akajifuta macho na kofia.

Hivyo ndivyo Jumamosi zilivyoanza. Nakuambia hakuna sinema ulimwenguni iliyopata watazamaji kama sisi. Papa Mikro aliweka filamu zenye soko, zenye stesheni, zenye maandamano na harusi kubwa, na mwigizaji alipokuja mbele kwa muziki wake tulimwambia atoke, anatuziba. Watu walisema taratibu: yule anafanana na shemeji, yule ananawa mikono kama dada. Papa Mikro alirudisha, akasimamisha, na picha ikatetemeka pale kama kitu kilichoshikwa na vidole viwili. Mwishoni, siku zote, aliweka daraja. Mama Jirani aliketi kando yangu kwenye benchi ya mbele, akiwa na karanga kwenye karatasi, na ilipofika zamu ya daraja alinimiminia mkononi, kiganja kimoja. "Kula," alisema. "Anakuona." Nikala. Na nakuapia, Jumamosi moja nilimpungia mkono, naye akageuka. Sijali utasema nini. Aligeuka.

Nyumbani nikaanza kula tena. Nilikula kwa haki: kama Jirani anapewa wali kila siku, mimi kwa nini nikonde? Nilimhadithia koko kila kitu, beseni, wali, chandarua, naye alichambua mchele wake, akaniuliza tu: "Na viatu, unasema wamemupa?" Nikamwambia wamempa. Akasema: "Ni vizuri. Alikuwa anateseka na ile mawe."

Lakini kaseti si jiwe. Kila unapoirudisha inalika kidogo, na daraja letu lilirudishwa kuliko daraja lolote duniani. Kwanza ikaja mistari myeupe, kama mvua. Kisha rangi zikaondoka, beseni jekundu likawa la kijivu. Kisha Jirani mwenyewe akaanza kuwa mwepesi, ukingo wake ukichanganyika na ukingo wa daraja. Papa Mikro aliniita pembeni, akachuchumaa ili tulingane.

"Muzee," akaniambia, maana aliwaheshimu wateja wake wote, "tukizidi kumurudisha atafutika. Tufanye mara moja tu kila Jumamosi. Na wewe uangalie vizuri ile mara moja."

Niliangalia vizuri. Sijawahi kuangalia kitu tena hivyo, wala mke wangu siku ya ndoa, na yeye analijua. Sikupepesa macho kwa kuogopa kwamba nitapepesa wakati anapita. Wiki nzima ilikuwa na maana ya dakika ile, na dakika ile ikawa inapungua. Mwisho niliona bega tu. Weupe mwingi, kama theluji ya kwenye milima ya mbali, na ndani yake bega moja linatangulia. Mama Jirani alisema: "Bado iko." Nikasema: "Bado iko."

Kisha mlima ukafunguka, na ule moto ukashuka mpaka katikati ya mji. Wewe wa Goma unajua, na usiye wa Goma sitakuongezea, maana hapa hakuna cha kuongeza. Tulivuka mpaka na makopo yetu kama kawaida, tukarudi, na sehemu ya Birere ilikuwa chini ya jiwe jipya, bado la moto, linafuka. Nilitafuta sale. Sikupata hata mahali pa kusema ilikuwa hapa. Watu walisema Papa Mikro alionekana akikimbia na televisheni kichwani na waya unaburuta nyuma. Wengine walisema alirudi kuchukua kaseti. Hakuonekana tena upande wetu, na mimi, unakisia, nilimpangia mahali fulani kazi ya kutembea tu.

Miaka imepita, na vita vimekuja na majina mengine. Koko tulimzika. Mimi nikasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, mchana, mizigo ya viazi na mbao, na jioni nikasoma, darasa la watu wazima wenye kusinzia na mikono yenye grisi, mpaka nikapata diploma. Niliitundika ukutani juu ya picha ya Bikira Maria, mke wangu akaishusha. Ungeniuliza siku hizo kama bado naamini habari ya watu wa filamu, ningekucheka, mimi mtu wa diploma. Lakini filamu ikiwekwa mahali, macho yangu hayakwenda mbele. Yalikwenda nyuma, yenyewe, kama mbwa anayejua njia.

Mwezi uliopita, kijana anayeuza filamu kwenye simu, kwenye kibanda chake cha Birere, alikuwa anajaribu moja kwa mteja, na nikasikia wimbo ule wa maua. Nikamwomba aninakilie. Niliitazama nyumbani peke yangu, safi, rangi zote zimerudi, na chini yake maandishi ya Kifaransa ambayo sasa naweza kuyasoma. Wale marafiki wawili hawakuwa marafiki. Walikuwa shemeji wanaogombea mashine ya kusaga. Kwenye daraja hawakukumbatiana, walikabana. Na mwisho mmoja anakufa, kabisa kabisa, na filamu inaendelea nusu saa bila yeye. Sikujua nicheke au nimlilie Papa Mikro, aliyekaa miaka yote ile akiwapatanisha watu asiowaelewa.

Kisha daraja lenyewe. Beseni lilikuwa jekundu. Nikasimamisha. Alikuwa msichana. Ana hereni, ana mkufu wa shanga, na chini anaonekana ukingo wa gauni. Bega lilitangulia kwa sababu beseni lilikuwa limemwelemea upande mmoja.

Siku nyingi nilitembea na jambo lile kama mtu aliyemeza mfupa. Sikujihurumia mimi. Nilimfikiria mama Jirani. Yu hai bado, yuko Ndosho, mzee sasa, hana mtoto mwingine. Ikiwa amezeeka akijua kwamba mwanawe amevuka daraja mahali fulani na viatu miguuni, mimi ni nani wa kumvua viatu hivyo? Na ikiwa anamngoja, ni haki aendelee kungoja? Kati ya watu wote waliokaa kwenye benchi zile, nilibaki mimi tu ninayejua, na wengine wametawanyika au wamekufa, na hata shitingi ile haikuacha uzi. Niliona heri nimwambie mimi kuliko aone kwenye simu ya mtoto wa mtaa. Nikanunua karanga, nikaenda.

Nilimkuta uani anachambua maharagi kwenye ungo. Akanipa kibao. Tukazungumza habari za mvua, habari za barabara iliyofungwa tena, habari za mke wangu. 

"Mama," nikasema mwisho, "unakumbuka ile filamu ya daraja?"

"Ile ya Papa Mikro."

"Niliipata. Sasa inaonekana muzuri kabisa. Mama, unisamehe. Yule mutoto wa beseni..."

"Ni wa kike," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Alikuwa na hereni. Tulikuwa tunakaa benchi ya mbele, papa. Siko kipofu."

Nikaweka karanga chini.

"Sasa mbona ulisema ni yeye?"

"Ulikuwa haukule."

"Lakini Goma yote iliamini, mama. Yule muzee wa bangili, na bale wengine bote..."

"Goma gani?" Akapuliza maganda, akanitazama kwa upole uleule wa zamani. "Mutoto yangu alikufaka ku Lac Vert, kwa tumbo. Koko yako alimuzika usiku, mbele uamuke, na siku nilirudi alinieleza. Batu bote mu ile sale walijua. Ni wewe tu ulikuwa unamungojea."